Meko Mawili ya Soko la Kajiado

Majuzi nilitoka Kitengela nikaenda Kajiado kununua mbuzi. Binti yangu alinikemea kidogo. "Mama, mbuzi wamejaa hapa hapa, unaenda kuumiza magoti ya nini?" Nikamwambia mbuzi wa Kitengela nimewaona, wanakula karatasi na maganda ya viazi nyuma ya ploti. Mimi nataka mbuzi aliyekula nyasi. Niko na wajukuu wengi, na sitakwambia ni wangapi kwa sababu sisi Wamaasai hatuhesabu watu, lakini jua ni wengi, na wote wananiogopa kidogo, na hiyo ni sawa.

Sokoni kiu ikanishika. Kijana mmoja alikuwa na mtungi wa chuma unaong'aa, uko na bomba pembeni. Kabla sijamaliza kumsalimia, chai ilikuwa mkononi mwangu. Hakuniuliza nimetoka wapi, ng'ombe wako aje, mvua imeshuka huko ama bado. Chai ilikuwa nzuri, sitasema uongo, niliinywa yote. Lakini nilipoinua macho nikajikuta natafuta mahali. Natafuta kichuguu kimoja chekundu, na chini ya kichuguu mawe matatu, na nyuma ya mawe mwanamke mrefu aliyenyolewa kichwa kinang'aa, nyanya yangu. Hapo sasa pamemwagwa saruji, lori linarudi kinyumenyume kupakia ng'ombe. Nilisimama palepale kama mtu aliyepotea kwao. Rafiki yangu, wacha nikwambie kilichokuwa hapo, kwa sababu sisi tuliokiona tumebaki wachache.

Nyanya yangu tulimwita Koko, kama watoto wote wa Kimaasai wanavyoita nyanya zao. Mume wake alikufa kabla sijazaliwa. Mama yangu alinipeleka kwake nikiwa ndiyo nimeanza kutembea, maana kwetu nyanya hupewa mjukuu wa kukaa naye. Shule nilienda kidogo, nikatoka. Sokoni nilienda sana. Koko ndiye mtu wa kwanza aliyeuza chai katika soko la mifugo. Kabla yake watu walikuja na ng'ombe, wakauza, wakarudi na njaa yao. Yeye akaja na sufuria moja, mawe matatu na kibuyu cha maziwa. Baadaye jirani yetu, mama wa boma la pili, akamwiga, akawasha moto wake upande wa pili wa njia. Miaka mingi walikuwa hao wawili tu, wanatazamana, hakuna anayemsumbua mwenzake. Watu walikuwa wengi na chai ilikuwa hiyo hiyo.

Huo moto ndio uliomfanya Koko asimame wima. Mjane wa kwetu hukaa kwenye boma la mtoto wake wa kiume, anangoja mke wa mtoto amletee chakula. Akiletewa kingi anasema asante. Akiletewa kidogo anasema asante. Koko alikuwa na boma la kukaa, mjomba wangu hakuwa mtu mbaya, lakini hiyo asante ya pili ilikuwa inamkwama kooni. "Mimi najilisha," alikuwa anasema, na anajipiga kifua mpaka shanga zinalia.

Na chai yake, sijui nikwambie nini. Kila jioni alisafisha vibuyu vyake kwa moto. Anachukua kijinga cha oloirien, huo mzeituni wa porini, kikiwa bado chekundu. Anakisukuma ndani ya kibuyu, anatikisa, moshi unatoka mdomoni kama kibuyu kinavuta sigara. Kisha anasugua ndani kwa fimbo ndefu yenye nyuzi mwishoni mpaka majivu yatoke. Maziwa yakilala humo, asubuhi yanaamka na utamu ambao sukari haiwezi kuuleta. Mpaka leo nikisikia harufu ya huo mti ukiungua, mate yananijaa.

Lakini ilichelewa! Wacha nisimsifu kwa uongo. Mtu akifika kwanza ni salamu. "Takwenya!" anasema mwanamume. "Iko!" Koko anajibu. Halafu zinaanza habari, na kwetu habari zinaliwa zote mpaka sahani iwe safi: ng'ombe, watoto, ukame, simba, nani ameoa, nani ameumwa na nyoka akapona. Wakati huo Koko ameketi, mikono imelala mapajani. Kushika sufuria mtu akikupa habari ilikuwa ni matusi. Habari zikiisha ndipo anainuka. Anapuliza moto. Ananituma stesheni ya reli na kopo nichote maji kwenye bomba. Narudi nimemwaga nusu. Ananituma tena. Anainuka kufuata majani ya chai, anainuka kufuata sukari, anainuka kufuata kibuyu kivulini. Mtu angeweza kuuza fahali, ajute, aende amnunue tena, na chai bado haijachemka. Lakini Koko alishikilia kwamba mgeni lazima aone maji yake mwenyewe yakiwekwa motoni. Na nani angelalamika? Ng'ambo kwa jirani mambo yalikuwa hayo hayo, na maziwa ya jirani hayakuwa matamu hivyo.

Halafu akaja mama wa reli.

Mume wake aliletwa kufanya kazi stesheni, mtu wa mshahara, walitoka huko magharibi. Alikuwa mfupi, mikono minene, sauti yake kama kengele ya kanisa. Siku ya soko tulifika na Koko jua likichomoza, tukamkuta amekaa karibu na njia. Alikuwa na jiko la makaa. Juu ya jiko kulikuwa na birika. Rafiki yangu, birika hilo! Lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama. Na kando yake beseni limefunikwa kitambaa cheupe. Alipofunua, mandazi yakatoa mvuke. Mimi nilikuwa mtoto, sikuwa nimewahi kuona chai ambayo imekuwa chai kabla mtu hajaja kuiomba. Nilisimama mdomo wazi. Dereva wa lori akapita, akanyoosha mkono, akapewa kikombe, akanywa, akaenda. Yote hayo kabla Koko hajamaliza kupuliza moto wake.

Siku hiyo hiyo madereva wote walihama. Siku ya soko iliyofuata wachuuzi wa ng'ombe nao wakahama.

Jirani yetu aliwaka. Alivuka njia akaja kwetu, amefunga shuka kiunoni kama mtu wa kwenda kupigana. "Yule anapika chai usiku, asubuhi anawapa watu makapi!" akasema. "Na hayo mandazi, unajua anakandia nini?" Akaenda kwa chifu kumshtaki. Chifu akamwambia soko ni la kila mtu. Alimwambia hivyo akiwa na andazi mdomoni. Jirani akarudi, akaongeza maji kwenye chai yake ili angalau apate kitu kwa wale waliobaki, na wale waliobaki wakaonja, wakatazamana, wakaondoka. Kila wiki chai yake ilikuwa nyepesi zaidi, na mdomo wake mkali zaidi.

Koko aliendelea kuwapikia wazee na morani. "Hao hawaendi," aliniambia. "Yule mama hajui kulisha morani."

Na kweli hakujua. Morani, wakati ule, hali chakula mbele ya mwanamke aliyeolewa, wala hali peke yake. Koko alikuwa akipika chai yao anatazama kando, kisha mimi msichana mdogo nawapelekea nyuma ya kichuguu, wanakunywa pamoja. Mama wa reli yeye aliona tu vijana warefu wenye njaa. Akawawekea benchi mbele yake kabisa. "Karibuni vijana wangu! Kaeni, kuleni!" Wakapokea mandazi, kwa sababu kukataa mkono wa mama ni vibaya. Kisha wakakaa nayo. Yeye akashika kiuno, anawatazama, anangoja watafune. Wakatazama chini. Mmoja akaficha andazi ndani ya shuka, mafuta yakaanza kupenya.

"Ni nini? Mnafikiri nimeweka sumu?" Akachukua andazi, akalitafuna mbele yao, mashavu yamejaa, "Ona! Ona nakula! Mimi mzima!"

Morani waliinuka wote kama ndege waliorushiwa jiwe. Koko alicheka mpaka akashika mti. Machozi yalimtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu huyo mama aje.

Hakucheka muda mrefu. Sijui ni nani alimweleza yule mama, lakini wiki iliyofuata alikuja na magunia ameyashona pamoja, akayatundika kwa kamba katikati ya miti miwili. Nyuma ya magunia akaweka benchi. Binti yake, rika langu, ndiye aliyepeleka vikombe. Yeye mwenyewe alikaa upande huu ametazama barabara, hata shingo hageuzi. Saa nne morani wote walikuwa nyuma ya magunia. Tuliwasikia wakicheka huko ndani. Kwetu walibaki wazee wachache vipofu nusu na mbwa wao.

Niseme ukweli? Nilimvulia kofia. Mtu amekuja juzi, amekosea mbele ya soko zima, na baada ya siku saba amejifunza kile ambacho wenyeji walidhani ni ukuta wao. Nilimwambia Koko hivyo. Nilichapwa.

Jioni hiyo mjomba alikuja kwenye nyumba yetu. Alikaa kwenye kigoda, akatafuta maneno. "Yeyo," akasema, ndiyo kusema mama, "yule mwanamke amekumaliza. Acha soko. Kaa boma, mke wangu atakupikia."

"Mke wako atanipikia," Koko akasema, "na atanipimia."

"Yeyo, jamani."

"Nipe mpaka mvua. Mvua ikianza na moto wangu hauna watu, nitakuja kukaa pale mlangoni kwako nifukuze nzi."

Hapo ndipo niliogopa. Nilijua akisema hivyo atafanya. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Ngong.

Siku ya soko iliyofuata Koko hakuwasha moto. Alivaa shanga zake zote, akanishika mkono, akatembea moja kwa moja mpaka kwa mama wa reli. Watu wakageuka kutuangalia. Nadhani walingoja vita. Koko akaketi kwenye benchi la madereva.

"Karibu, Nyanya! Chai?" Na alipokuwa akisema chai, chai ilikuwa imeshamiminwa.

"Hujaniuliza nimetoka wapi."

"Si umetoka hapo ng'ambo, Nyanya? Nakuona kila wiki ukinikasirikia."

Koko akatoa hewa puani. "Leo sina hasira. Leo niko na kiu." Akanywa. Alikunywa polepole, macho yake yakitembea. "Sukari imezidi."

"Madereva wanapenda."

"Na maziwa?"

"Maziwa ndiyo hayo tu, Nyanya. Ng'ombe za huku zinaninyima."

"Sio ng'ombe, ni kibu..." Koko akajiziba mdomo kwa kiganja. Yule mama akamwangalia, akatabasamu, hakumalizia. Wote wawili walijua kuna kitu kilikuwa karibu kuanguka.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Umeona?"

"Nimeona mandazi."

"Wewe tumbo tu! Yule mama hakuinuka. Tangu niketi hakuinuka hata mara moja. Maji yako hapo, makaa hapo, vikombe ndani ya karai hapo. Mimi nikipika chai moja nimeinuka mara ngapi?"

"Nyingi, Koko."

"Miguu yangu ndiyo inanishinda. Sio yeye."

Sasa nataka uelewe huyo alikuwa mwanamke wa umri gani. Meno ya chini yalikuwa yameisha. Alikuwa amepika chai namna moja tangu alipoanza, na mama yake alikuwa amepika uji namna hiyo hiyo. Lakini siku iliyofuata, sokoni hakuna mtu, tulienda yeye na mimi na jembe. Aling'oa mawe yake matatu. Yalikuwa yamezama, meusi, yameshikana na ardhi kama meno. Aliyabeba mwenyewe, moja moja, akayazungusha upande wa pili wa kichuguu, ili akiketi kupika uso wake uangalie njia. Miaka yote hiyo alikuwa amepika akiwapa watu mgongo, kwa hiyo ilibidi aache kupika ndipo awasalimie! Hakuwa amewahi kufikiria. Hakuna mtu aliyekuwa amemlazimisha kufikiria.

Tukajaza madebe mawili ya maji siku moja kabla, tukayafunika kwa ngozi. Akaazima sufuria ya pili. Katika moja akachemsha maji na majani mpaka yakawa meusi kama damu ya ng'ombe iliyoganda. Katika nyingine maziwa ya kibuyu yakae vuguvugu, pembeni ya moto. Hakutaka chai ilale kwenye birika mpaka ichachuke, hilo alikuwa ameligundua ulimini mwake pale kwenye benchi. Mtu akifika, anachanganya mbele ya macho yake. Mgeni bado anaona chai yake ikizaliwa, lakini hangoji mimba.

Na mimi akanipandisha juu ya kichuguu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia vumbi. Watu wakija na ng'ombe unawaona mbali sana huko uwandani. Koko alitaka kujua ni wengi kiasi gani kabla hawajafika, lakini watu hawahesabiwi, nimekwambia. Basi akanipa karai la vikombe, vyote vimelala kifudifudi. Nikiona mtu, nageuza kikombe kimoja. Nikiona mwingine, nageuza kingine. Sikutamka hesabu hata siku moja. Koko anatupa jicho kwenye karai, anajua amimine maziwa kiasi gani. Walipofika wakiwa wameungua na jua, vikombe vilikuwa vinawangoja, na maziwa vuguvugu ya kumtosha kila mtu.

Siku ya kwanza ya mpango huo, nilisahau kugeuza vikombe kwa kumtazama. Mikono yake! Mkono mmoja unakoroga, mwingine unapokea salamu za watoto wanaoinamisha vichwa, mguu unasukuma kuni, mdomo unakula habari. "Iko! Ehe, na yule ndama? Amesimama? Ehe." Chai inamiminwa kutoka juu, kamba ndefu ya kahawia, haidondoki hata tone. Nilikuwa nimeishi na huyu mwanamke tangu nikianza kutembea na sikujua alikuwa na haya yote ndani yake. Nadhani hata yeye hakujua.

Mzee mmoja alichukia. "Unasikiliza habari zangu ukikoroga?"

"Masikio yangu hayakorogi, mzee. Sema, ng'ombe wa shemeji yako alipona?"

Mzee akasema. Akanywa. Akaongeza cha pili, kitu ambacho zamani hakuwa na muda nacho. Dereva mmoja akavuka njia, "Mama, nasikia huku kuna chai ya moshi." Akavuka mwingine. Morani nusu yao wakarudi nyuma ya kichuguu, nusu wakabaki kwenye magunia. Mvua iliponyesha, mjomba alikuja sokoni kumchukua mama yake kama walivyokubaliana. Alikuta hakuna pa kukaa. Koko akampa kikombe akiwa amesimama, akamwambia asogee, anazuia watu.

Mama wa reli naye hakulala. Akaleta viazi vitamu. Koko akaanza kuchoma mahindi. Yeye akajifunza kusema takwenya. Koko akajifunza kuosha vikombe kwa maji ya moto, na alikuwa mkali nayo kuliko daktari. Walitukanana kwa sauti kubwa kuvuka njia, wateja wakicheka katikati. "Nyanya, moshi wako unaniua!" "Kufa basi, nichukue birika!" Watu walianza kuja soko la Kajiado hata bila ng'ombe wa kuuza. Nilikua miaka hiyo nikidhani dunia yote iko hivyo, kila mtu akiamka anatafuta namna ya kufanya jambo lake lipendeze zaidi ya jana.

Jirani yetu hakuweza. Siku moja hakuja. Wiki iliyofuata punda alikuwa amesimama katikati ya mawe yake, amelala akiwa wima. Hakuna aliyemfukuza.

Kisha reli ikamhamisha mume wa yule mama. Mama mwenyewe alikuja kuaga akiwa amejifunga leso mpya kichwani. "Sasa utapumzika, Nyanya."

"Nani amekwambia nimechoka?" Koko akasema. Akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kibuyu kilichochomwa vizuri, akampa. "Hiki usikioshe kwa sabuni. Moto tu. Huo mti unaitwa oloirien, kama kwenu haupo, tafuta ndugu yake." Yule mama alikishika kwa mikono yote miwili, akakinusa, akafumba macho. Ndipo alipojua lile neno lililokuwa karibu kuanguka siku ya benchi.

Kila mtu alimpongeza Koko. Soko lote ni lako! Mjomba alichinja kondoo. Na mimi pia nilifurahi, nilikuwa mtoto.

Lakini wiki zikapita, nikaanza kuona. Siku moja hatukujaza madebe. Koko alisema maji yatachotwa hapo hapo, kuna haraka gani. Siku nyingine sufuria ya maziwa haikuwekwa pembeni ya moto. Sikupanda kichuguu tena, sikuambiwa nipande. Koko alianza kuketi habari zikiletwa, mikono mapajani. Vikombe vilioshwa kwa maji baridi. Watu walikunywa, wataenda wapi? Siku moja dereva wa zamani akapokea kikombe baada ya kungoja sana, akasema bila ubaya, "Mama, siku hizi chai yako ni kama ile ya jirani."

Koko alionja chai yake mwenyewe. Akaimwaga, sufuria nzima, kwenye mchanga. Kisha akaketi, akaangalia ng'ambo ya njia pale ambapo hakukuwa na mtu. Aliangalia muda mrefu sana. Uso wake ulikuwa ule aliokuwa nao siku aliyomwambia mjomba ampe mpaka mvua.

Akachomoa kijinga kwenye moto. Kijinga kizuri, kinene, kimeshika vizuri. Akaenda nacho, mimi nyuma yake, mpaka nyumbani kwa jirani. Jirani alikuwa nje anachambua shanga. Aliinua macho akaona Koko amesimama na moto mkononi, akarudi nyuma. Nadhani alifikiri tumekuja kumchomea.

"Rudi sokoni," Koko akasema.

"Unanitania."

"Sitanii. Washa mahali pako."

"Soko lote ni lako. Unataka nini tena kwangu?"

"Nataka mtu wa kuniudhi."

Jirani akacheka, cheko baya la mtu aliyeumia. "Kwa hiyo unaniletea moto wako ili nikuchukulie watu wako?"

"Jaribu."

Kijinga kilikuwa kinatoa moshi katikati yao, Koko macho yanamwaga machozi na hapepesi. Jirani alikiangalia hicho kijinga, akamwangalia Koko, akakiangalia tena. Akanyoosha mkono akakipokea. "Chai sipiki," akasema. "Chai ulinishinda. Nitapika supu."

Akapika supu ya kichwa cha mbuzi, na pilipili ndani. Siku ya kwanza, kufika saa sita, nusu ya watu wetu walikuwa ng'ambo wakifyonza mifupa. Koko aliruka akasimama. "Wewe! Panda juu! Maji! Nani aliacha maziwa juani?" Alikuwa ananipigia kelele na uso wake unang'aa kama wa msichana anayeenda ngoma. Sijawahi, mpaka leo, kuona mtu akifurahi hivyo kwa kunyang'anywa.

Aliuza chai mpaka miguu ilipokataa kabisa. Mke wa mjomba alimlisha mwaka mmoja tu wa mwisho, na alimlisha vizuri, kwa sababu soko zima lilikuwa linakuja boma kumsalimia na lingeona sahani. Sasa Koko hayuko, jirani hayuko, morani wanakula chips mbele ya kila mtu. Kichuguu kilisawazishwa na trekta. Treni inapita mara moja moja na hakuna mtoto anayechota maji stesheni. Hapa Kitengela nimeona watu wakifunguliana maduka pua kwa pua. Wengine wamerogana. Wengine wameitiana askari wa kaunti. Wengine wamefunga mlango wakaketi ndani kulia. Lakini mtu wa kubeba moto wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea mwenzake aje ashindane naye, huyo nimemwona mmoja tu, na mimi ni damu yake.